Kusikiliza wateja wako mitandaoni: mwongozo kwa mwenye biashara ndogo Uganda

Kila wiki naulizwa maswali yale yale na wenye maduka wa Kampala, Jinja, Arua na Kasese. "Ninunue programu gani ya kufuatilia mitandao?" "Kuna inayosoma magrupu ya WhatsApp?" "Nina simu tu, sina kompyuta, nitaweza?" Nimeyajibu mara nyingi mno kwa ujumbe wa sauti, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Simu inatosha. Kwa miezi mitatu ya mwanzo usilipie programu yoyote. Na hakuna programu ya halali inayosoma magrupu ya WhatsApp ya watu wengine. Anayekuuzia hiyo anakuuzia uongo, au anataka kuingia kwenye simu yako.

Mimi nasimamia kurasa za duka la dada yangu, la vitenge na ushonaji, katikati ya Kampala. Mifano mingi nitaitoa hapo. Ukiuza chipsi, viatu au vipuri vya boda, hatua ni hizi hizi. Badilisha maneno tu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Anwani ya Gmail ya biashara, mbali na yako ya binafsi. Kijana anayekusaidia akiacha kazi, asiondoke na kila kitu.
- Akaunti za biashara kwenye mitandao ambayo wateja wako wapo, zote kwa jina moja. Kwetu ni TikTok, Instagram, X na Facebook.
- WhatsApp Business, ile ya bure.
- Jedwali moja la Google Sheets. Daftari la mistari nalo linafaa, mradi liwe moja.
- Dakika ishirini kila siku, saa ile ile. Sisi tunafanya saa mbili asubuhi, fundi akiwa bado anatia mafuta cherehani.
- Bando. Tangu Julai 2021 intaneti inatozwa kodi ya asilimia 12, kwa hiyo washa kipengele cha kuokoa data ndani ya TikTok na Instagram. Unakwenda kusoma komenti. Video zisikumalizie bando.

Neno moja kuhusu Facebook. Ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo wengi wetu huingia kwa VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako kupitia nchi nyingine. Shida ni kwamba VPN huiambia mitandao kuwa uko Uholanzi au Marekani, na matokeo ya utafutaji hufuata huko. Nilipoanza sikulijua hili. Nilitafuta vitenge wiki nzima nikiletewa maduka ya Ulaya. Washa VPN unapoingia Facebook, kisha izime kabla ya kufungua TikTok, Instagram au Google.

Hatua ya 1: Andika maneno utakayoyatafuta

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi wanaparuka. Wanaandika jina la duka, wanatafuta, hawaoni kitu, wanasema mitandao haina faida. Mteja hazungumzi kwa jina lako la usajili. Anazungumza kwa mdomo wake.

Mwaka jana mteja wetu mmoja aliandika TikTok, chini ya video ya mtu mwingine kabisa, kwamba gauni lake limechuja rangi baada ya kufuliwa mara moja. Hakuitaja akaunti yetu. Aliandika jina la duka kama alivyolisikia, herufi mbili zikiwa tofauti. Malalamiko yale yalikaa siku sita. Chini yake watu walikuwa wanaongeza yao, na mmoja ameandika "bafere abo", yaani matapeli hao. Tulijua pale mteja mwingine alipomtumia dada skrinishoti. Kosa lilikuwa letu: kitambaa kilitoka kwenye mzigo mpya na hatukumwambia namna ya kukifua. Dada alimshonea gauni jingine. Kilichoniuma ni zile siku sita, maana yule mama alidhani tumemuona tukamdharau.

Kwa hiyo andika makundi haya:

*Jina lako na makosa yake.* Liandike kama linavyosikika. Wazungumzaji wa Luganda hubadilishana R na L, basi Rehema atafute na Lehema. Herufi ya mwisho huliwa: Zawadi huwa Zawad. Jina la maneno mawili litafute likiwa limeunganishwa na likiwa limetenganishwa.

*Bidhaa yako kwa kila mdomo.* Sisi tunaandika kitenge, kitengi, bitenge. Mteja kutoka Goma au Bukavu anasema kikwembe, au pagne kwa Kifaransa. Mwingine anaandika "African print" tu. Kama hujui wateja wako wanaiitaje bidhaa, fungua WhatsApp yako ya biashara usome ujumbe hamsini wa mwisho. Majibu yamo humo.

*Maneno ya mtu anayetafuta.* "Nani anashona", "naweza kupata wapi", "where can I get", "nahitaji plug wa" (yaani mtu wa kunipatia), "ssente mmeka" (ni pesa ngapi). Kundi hili ndilo lililotuletea wateja wengi kuliko mengine yote, kwa sababu mtu anayeandika hivyo ameshaamua kununua na hajui kwa nani.

*Maneno ya hasira.* Feki, wezi, bafere, hawajibu, wamechelewa.

*Mahali.* Kiyembe, Kikuubo, Ntinda, Wandegeya, Mbarara. Watu wachache huweka mahali walipo kwenye posti, lakini wengi hutaja mtaa ndani ya sentensi.

*Washindani watatu.* Watatu tu. Ukifuatilia kumi utaacha kusikiliza wateja uanze kuwaonea watu wivu.

Sasa punguza hadi maneno kumi na mawili. Na ujifunze mapema neno la kuondoa. Ukitafuta "kitenge" peke yake utaletewa habari za mpira, kwa sababu Tanzania kuna mtangazaji maarufu anaitwa Maulid Kitenge. Muuza rolex wa Wandegeya, ile chapati ya mayai, naye ataletewa saa za Uswisi. Kwenye Google na X unaweka alama ya kutoa bila nafasi: kitenge -Maulid, au rolex -watch. Maneno mawili yanayopaswa kuja pamoja yafunge kwa alama za nukuu: "kitenge Kampala".

Hatua ya 2: Weka Google Alerts

Hii ni huduma ya bure ya Google inayokutumia barua pepe neno lako likitokea mtandaoni. Nenda google.com/alerts ukiwa ndani ya Gmail ya biashara. Andika neno moja, fungua chaguo zaidi, weka mara moja kwa siku, matokeo yote, kisha hifadhi. Rudia kwa jina lako, makosa yake mawili, na washindani wako. Kwenye lugha acha zote. Ukichagua Kiingereza utakosa posti za Kiswahili na Luganda.

Usiitegemee kwa zaidi ya inachoweza. Inaona habari, blogu na kurasa zilizo wazi. Komenti za TikTok na magrupu yaliyofungwa haioni.

Hatua ya 3: Zunguka mitandao kwa mkono

Hii ndiyo kazi ya kila asubuhi.

*TikTok.* Andika neno, fungua vichujio, chagua wiki hii. Usiishie kwenye video, shuka kwenye komenti, hasa za video za harusi na kwanjula (sherehe ya utambulisho), humo ndimo watu wanaulizana "nani kashona hilo?" Tazama pia neno la bluu ambalo TikTok wakati mwingine huliweka juu ya komenti: hilo ni pendekezo la kutafuta linalohusu video hiyo.

*X.* Hapa utafutaji una nguvu kuliko kwingine. Unaweza kuandika (kitenge OR kitengi) Kampala -Maulid, ukaongeza since:2025-01-01 kupata za kuanzia tarehe hiyo. Weka -from: na jina la akaunti yako ili posti zako mwenyewe zisikujazie orodha. Bonyeza za karibuni, kisha hifadhi utafutaji huo usiuandike upya kila siku.

*Instagram.* Angalia waliokutaja, kisha alama za reli (#) mbili au tatu, kisha ukurasa wa mahali: eneo lako, au jengo lako kama limewekwa.

*Facebook.* Tafuta ndani ya magrupu uliyojiunga nayo ya kununua na kuuza, ya akina mama na ya mtaa wako. Heshimu kanuni za grupu. Wengine hawataki matangazo, na mwenye grupu akikutoa umepoteza sikio.

Hatua ya 4: Google Maps

Wenye maduka wengi wana ukurasa kwenye Google Maps uliofunguliwa na mtu wasiyemjua, una nyota tatu na namba ya simu ya zamani. Utafute. Ukiupata, omba umiliki kupitia Google Business Profile, ni bure. Humo utaona maoni ya wateja, na kwenye takwimu zake utaona maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakupata. Yachukue uyaongeze kwenye orodha ya hatua ya kwanza.

Hatua ya 5: Andika ulichosikia, kwa maneno ya mteja

Jedwali lina safu tano tu: tarehe, mtandao, maneno yenyewe, aina, tulichofanya. Aina ni nne: swali, ombi, lalamiko, sifa.

Mistari yetu mitatu ilikuwa hivi:

4 Machi | TikTok | "Mnatuma Arua? Mi siji Kampala" | ombi | tumejibu: bado
4 Machi | Instagram | "banange hii gauni" | sifa | tumeshukuru
5 Machi | X | "fundi wa kitenge asiyechelewesha yuko wapi Kampala hii" | swali | tumejibu kwa picha na siku za kazi

Andika maneno kama yalivyo. Ukiandika "mteja ameuliza kuhusu usafirishaji", umeua habari. "Mi siji Kampala" inakuambia kwamba huyu hataki punguzo la bei. Anataka mzigo umfikie alipo.

Usijaze jedwali majina na namba za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamgusa hata mwenye duka dogo, na wewe huhitaji jina la mtu kujua kwamba Arua wanataka vitenge. "Mteja, Arua" inatosha.

Hatua ya 6: Jibu siku ile ile

Jibu kwa lugha aliyoandika mteja. Akiandika Luganda, anza na nnyabo (mama) au ssebo (bwana). Akiandika Kiswahili, dada au kaka. Akilalamika, usifute komenti na usibishane mbele za watu. Sisi tunafanya mambo matatu kwa mpangilio: tunaomba radhi hapo hapo hadharani kwa sentensi moja, tunaingia inboksi kuyamaliza, kisha tunarudi kwenye komenti ile ile kuandika yameishaje. Hilo la tatu wengi wanalisahau, na ndilo wasomaji wengine wanalolisubiri.

Mfano: "Pole sana dada, gauni kuchuja rangi si jambo la kuvumilia. Nimekuandikia inboksi, naomba picha na tarehe uliyolichukua." Siku tatu baadaye: "Dada amepata gauni jipya leo. Asante kwa kutuambia."

Kwa yule anayetafuta fundi, jibu mara moja, weka picha moja, bei na siku za kazi. Usiandike "njoo inboksi" bila bei. Watu wamechoka nayo, na ni haki yao.

Hatua ya 7: Ijumaa, kaa na jedwali

Lipange kwa aina, kisha soma kwa sauti na mwenye duka akiwepo. Unatafuta kitu kimoja tu: neno gani limerudi?

Wiki tatu baada ya kuanza tulikuta Arua imerudi mara tisa. Dada alikuwa ameshatenga pesa za tangazo la kuwalenga watu wa Kampala. Tulizishika kwanza. Nilishuka Arua Park, kituo cha mabasi hapa Kampala, nikauliza bei ya kutuma kifurushi kwa basi la usiku, tukapiga hesabu, kisha tukarekodi video ya sekunde ishirini: mikono ya dada ikikunja kitenge, ikikifunga kwenye nailoni, ikiandika ARUA kwa kalamu nyeusi. Hakusema neno. Tuliwatumia kiungo wote tisa. Wiki hiyo zilitoka oda nne, na mbili kati yake zilikuwa za watu ambao hawakuwa kwenye orodha yetu kabisa.

Uamuzi wa wiki uwe mmoja. Ukitoka Ijumaa na mambo sita ya kubadilisha, Jumatatu hutabadilisha hata moja.

Hatua ya 8: Google Trends kwa misimu

Mara moja kwa mwezi fungua Google Trends, chagua Uganda, miezi 12, ulinganishe maneno yako, kwetu mavazi: gomesi, kitenge, mushanana. Inakubali hadi matano kwa pamoja. Namba yake ya 0 hadi 100 haihesabu watu. Inaonyesha tu neno lilipandaje na kushuka likilinganishwa na kilele cha juu kabisa kati ya maneno uliyoyaweka. Tazama kilima kinaanza kupanda mwezi gani, kisha agiza bidhaa kabla ya hapo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kuvamia komenti za mshindani. Mteja analalamika kwa jirani yako, wewe unaruka na "njoo kwetu". Wote wanakuona, na wanakukumbuka vibaya. Lalamiko lile liandike kwenye jedwali, kisha hakikisha kwako halitokei.

Kuamini programu inayopima hisia. Programu hizi nyingi zimefundishwa kwa Kiingereza zaidi. Mteja wetu akiandika "umeua!" au "kali sana", anasifu, mashine inaweza kuhesabu kuwa ni hasira. "Banange" ni furaha leo na kilio kesho, inategemea kinachofuata. Soma kwa macho yako.

Kufuata miongozo ya zamani. Bado watu wananitumia orodha zenye TweetDeck ya bure, Hootsuite ya bure na CrowdTangle. Mpango wa bure wa Hootsuite uliondolewa 2023, TweetDeck ikawa ya kulipia mwaka huo huo, na CrowdTangle ilifungwa Agosti 2024.

Lini ulipie?

Pale unapotajwa mara nyingi kuliko unavyoweza kusoma kwa dakika ishirini, au ukiwa na matawi kadhaa. Programu kama Brand24, Mention na Hootsuite hulipiwa kwa dola, kwa hiyo piga hesabu kwa shilingi ya leo. Kabla ya kulipa tumia kipindi cha majaribio: ingiza maneno yako kumi na mawili, subiri wiki, kisha linganisha na jedwali lako la wiki hiyo hiyo. Kama imekosa zaidi ya nusu ya ulichokiona kwa mkono, iache. Na ikiwa umeweka kadi, andika tarehe ya mwisho wa majaribio ukutani. Wengi wameliwa pesa kwa kusahau tu.

Ukikwama

*Sioni chochote kuhusu duka langu.* Kwa biashara mpya ni kawaida. Acha jina kwa muda, tafuta bidhaa na maneno ya mtu anayetafuta. Muulize pia kila mteja mpya wa WhatsApp ametusikia wapi, kisha mwekee lebo ya jibu lake ndani ya WhatsApp Business.

*Matokeo ni mengi na ni takataka.* Ongeza jina la mahali, ongeza neno la kuondoa. Kama bado, neno lako ni pana mno.

*Google Trends inasema data haitoshi.* Neno hilo halitafutwi sana hapa. Jaribu tahajia nyingine, au ongeza muda hadi miaka mitano.

*Facebook inanifungia kila nikiingia.* VPN yako inabadilisha nchi kila mara, na Facebook inadhani umeibiwa akaunti. Chagua nchi moja ubaki nayo, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.

*Intaneti ikizimwa?* Mwaka 2021 ilizimika kwa siku kama tano. Wateja waliokubali kukupa namba zao, ziandike pia kwenye daftari dukani. SMS na simu ya kawaida ndizo zilizotubakia.

*Kuna akaunti inatumia picha zetu na kuomba watu watume pesa.* Hili ndilo la haraka kuliko yote. Piga skrinishoti za akaunti hiyo kabla haijafutwa, iripoti kwa uigaji, uwaombe wateja watano wanaoliamini duka lako nao waripoti. Kisha bandika juu ya ukurasa wako namba yako ya mobile money pamoja na jina litakalotokea mtu anapotuma: "Ukiona jina jingine kabla ya kuweka PIN, usitume." Endelea kuitafuta kila Ijumaa kwa jina lako na kwa picha zako kupitia Google Lens, kwa sababu aliyefungiwa leo hufungua nyingine yenye herufi moja tofauti.